Mpuliza tarumbeta anapokwenda kwa daktari wa meno

Ninyi mnaoanza kupuliza tarumbeta, tromboni au tuba, mkienda kutibiwa meno semeni mapema kwamba mnapuliza. Daktari asiyejua hilo ataangalia kama jino linatafuna vizuri na linapendeza, basi. Kwako wewe meno ya mbele ni ukuta ulio nyuma ya midomo: kikombe cha kupulizia kinakandamiza midomo, midomo inaegemea meno, na sauti inazaliwa katika mtetemo wa midomo hiyo. Ukuta huo ukibadilika hata chini ya milimita moja, unaweza kulihisi badiliko siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, meno yako ya mbele yakiwa bado mazima, omba yachukuliwe nakala, ya plasta au ya skana. Ni kazi ya muda mfupi. Siku jino litakapovunjika, daktari atakuwa na umbo la kufuata, pamoja na ule upinde au upenyo mdogo ambao angeunyoosha kwa nia njema kabisa na kukuharibia noti za juu. Watu huliahirisha jambo hili kwa sababu meno hayaumi, na jino likishavunjika hakuna tena cha kunakili. Ikibidi uvishwe kofia ya jino, omba kwanza ya muda, uijaribu na ala yako kwa siku kadhaa kabla ya ile ya kudumu kugandishwa. Ukingo unaokwaruza mdomo husawazishwa kwa urahisi zaidi katika hatua hiyo.

Kuziba gego ni jambo jepesi. Tatizo ni ganzi tu. Mdomo huweza kubaki na ganzi kwa saa 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, na muda huo wote ala ikae kwenye sanduku lake. Sauti itakuwa mbaya, ndiyo, lakini kibaya zaidi ni kwamba hutahisi unavyokandamiza, na mdomo utaumia bila wewe kujua. Usiweke miadi siku ya onyesho.

Kung'oa ndiko kunakotaka subira. Ndani ya shimo la jino damu huganda na kuufunika mfupa. Nguvu ya kupuliza au kufyonza inaweza kulitoa bonge hilo, na hapo maumivu makali huja baada ya siku chache, wakati ulidhani umeshapona. Magego ya juu yana hatari yake ya pekee: mizizi yake iko karibu na sainasi, yaani uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa uso, na mara nyingine jino likitoka huacha tundu linalounganisha kinywa na sainasi. Ukipuliza mapema, hewa inapitia humo na tundu halifungi. Aliyekung'oa ndiye wa kukuambia urudi lini. Tundu likiwepo, jibu huweza kuwa wiki 2 au zaidi. Mwalimu wa bendi akikuharakisha, mwambie daktari hajaruhusu.

Waya za kunyoosha meno huwasumbua zaidi wapuliza tarumbeta na honi ya Kifaransa, maana vikombe vyao ni vidogo na mkandamizo wote unaangukia sehemu moja ya mdomo. Tuba husamehe zaidi. Weka nta juu ya vyuma, anza na sauti ndefu za katikati, punguza kukandamiza, na ukubali kwamba noti za juu zitapotea kwa muda. Wapo wanaotoka kwenye waya wakiwa wapulizaji bora, kwa sababu waya ziliwalazimisha kutumia hewa badala ya kukandamiza kwa mkono. Siku waya zitakapotolewa, meno yatakuwa laini na mapya kwa mdomo, na kazi ya kuzoea inaanza tena. Usipange mtihani wiki hiyo.

Hata hasara kubwa si lazima iwe mwisho. Chet Baker, mpiga tarumbeta wa jazi kutoka Marekani, alipigwa mwaka 1966 na kuumizwa mdomo na meno. Baadaye aliwekewa meno ya bandia, akalazimika kujifunza kupuliza upya, na katika miaka ya 1970 alikuwa amerudi jukwaani. Meno ya bandia ya juu yanaweza kucheza yanaposukumwa na kikombe, kwa hiyo anayeyavaa ayajaribu akiwa na ala mkononi, na arudi kurekebishiwa kila yanapolegea. Ufizi hubadilika umbo baada ya meno kutoka, na meno yaliyokaa vizuri mwezi wa kwanza huenda yasikae hivyo mwaka unaofuata.