Ukimhamisha Paa, Hamisha na Uji Wake

Mara ya kwanza nilipoiandika upya hadithi ya Sultani Darai kuwa mchezo wa redio, nilidhani kazi ni kubadilisha nguo. Farasi nikamfanya gari, jumba nikalifanya hoteli ya Nungwi, Sultani nikamtilia kiyoyozi. Kabla ya kwenda kurikodi nikausoma barazani kwa jamaa zangu, Makunduchi. Watu walicheka mpaka katikati. Kufika pale paa anapokufa, kimya. Wala hakikuwa kimya cha huzuni, kilikuwa cha watu wanaongoja chai.

Hadithi yenyewe huenda unaijua. Imo katika mkusanyiko wa Edward Steere, alioukusanya hapa Unguja ukachapwa London mwaka 1870. Hamdani, maskini anayepekua jaani kutafuta punje za mtama, anaokota thumni na kununua paa. Paa anamwongopea Sultani kwamba bwana wake ni tajiri aliyevuliwa nguo na wezi njiani, anamposea binti, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia Hamdani nyumba. Halafu paa anaugua. Hamdani, keshashiba, anaamuru apikiwe uji wa mtama.

Mie nilikuwa nimemfanya paa kijana papasi, wale wanaowatafutia wageni vyumba. Anaugua, na bwana wake haendi hospitali kumtazama. Basi. Bibi mmoja jirani yetu akaniuliza, "Mwanangu, uji umeutia wapi?" Nikamjibu, "Bibi, siku hizi nani anakunywa uji wa mtama?" Akaguna. "Si mtama ule ule aliokuwa akiupekua jaani mwenyewe? Tusi si ndo hapo lilipo?"

Tangu utotoni naisikia hadithi ile na sikuwahi kuliona hilo. Ukiutoa uji, unabakiwa na tajiri mwenye roho mbaya, na hao wamejaa kwenye kila mchezo.

Nikarudi kuandika. Hamdani wangu sasa anaokota chupa za plastiki jaa la Kibele na kuziuza kwa gunia. Papasi yuko kitandani, simu inalia: katumiwa shilingi elfu mbili, bei ya gunia moja, na ujumbe wa neno moja, "Pole." Nilipousoma tena, Bibi hakusema kitu. Alisonya, msonyo mrefu. Sijalipwa zaidi ya hapo kwa kazi hii, na waliowahi kulipwa na studio watanielewa.

Basi wewe unayeanza, kabla hujagusa jina wala vazi, utafute uji wa hadithi yako: kile kitu kidogo ambacho kikitoka, mambo yote yanalegea. Kikishaonekana, uliza watu wa hapa wanakiita nini leo. Mengine yatafuata, na mengine hata hayana haja ya kubadilishwa.

Kitu kitakachokusumbua zaidi ni simu. Hila nyingi za zamani zinakufa mara tu mtu anapoweza kupiga na kuuliza. Romeo na Juliet wanakufa kwa sababu mpeleka barua alifungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Wanagenzi huandika "chaji ilikwisha", na mie hukata mstari huo kila ninapouona, kwa sababu msikilizaji anajua kwamba jirani ana simu. Ujumbe na ufike, lakini usomwe na kaka mtu. Au ufike kwa mwenyewe na asiuamini. Kwa Hamdani nilihangaika wiki nzima. Wezi wa njiani niliwageuza sanduku lililopotelea uwanja wa ndege, katoka Maskati hana hata kanzu ya kubadili. Lakini Sultani hapa kwetu hakuozi binti bila kuuliza "mtoto wa nani?", kwa hiyo lazima apige simu Maskati. Na akapiga. Aliyepokea, kwa laini ya pili na sauti ya kizee, ni papasi mwenyewe, kasimama nyuma ya ukuta wa nyumba hiyo hiyo. Yaani simu niliyokuwa nikiikimbia ndiyo iliyonipa kichekesho kikubwa kuliko vyote.

Usione haya kuhamisha, hizi hadithi zilianza kuhama kabla yetu. Kile kisa cha kima aliyesema moyo wake kauacha mtini kiko India katika Panchatantra, na huko mwenzake ni mamba. Kilipotua Unguja, mamba akawa papa, maana sisi hatari yetu iko baharini. Mpelelezi Bwana Msa naye, wa riwaya za Mohammed Said Abdulla, ana kiko na ana Najum wa kumshangaa kama Sherlock Holmes alivyokuwa na Watson wake. Lakini fungua Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960: fumbo linazungukwa na mzimu na khofu ya watu wa shamba, mambo ambayo London isingeyaelewa. Mwandishi alichukua jicho la mpelelezi, akaacha ukungu wao kwao.

Jambo moja ninalikataza kabisa. Ukiichukua Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Nyerere mwaka 1969, ukaileta Pemba kwenye mikopo ya kabla ya msimu wa karafuu, itakukaa vizuri sana. Ila usimtafutie Shylock, yule mkopeshaji Myahudi, kabila. Visiwa hivi ni vidogo, na yule utakayemchora ana watoto wanaosoma na wako. Mfanye mkopeshaji awe mjomba. Tena inauma zaidi, maana mjomba huwezi kumshitaki.

Na ukiandika Mpemba, mpelekee Mpemba akusomee. Mie nilimwandika mama wa Wete anayeanika karafuu mwezi wa Aprili, kwenye masika, akizungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikaenda kuusoma huko huko Wete, jeuri ilioje. Bi mkubwa mmoja akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaomba kalamu, akafuta mistari minne na kuandika miwili. Yake ndiyo tuliyoirikodi.