Usifungue banda la gemu kama wewe ni mkali wa gemu

Juzi kuna mdogo wangu mmoja yuko Tabora kanitumia meseji ndefu, shikamoo braza, nina milioni moja na nusu nataka kufungua banda la gemu, kuna PS4 nimeiona kwa bei poa, niweke gemu gani ya mpira, FC au eFootball? Chini kabisa akamalizia "mi mwenyewe mkali sana, mtaani kwetu hakuna wa kunifunga". Nikaiweka simu chini. Hiyo sentensi ya mwisho ndo iliyokula bodaboda yangu.

Ngoja nianzie mbali. Mimi nimekulia Ujiji, Kigoma, enzi za PlayStation 2 (PS2) na TV ya chogo, umeme wa mji mzima ni wa majenereta ya dizeli, ukikatika uko dakika ya themanini unaongoza mbili bila basi tena. Tulikuwa tunacheza PES 6, gemu ya mpira. Waliocheza wanajua, ukichukua timu ya Inter una Adriano, yule straika Mbrazili, nguvu ya shuti 99, unaachia kutoka mbali huko kipa anaruka kama anaaga tu. Wengine walikuwa wanaona aibu kumchukua, mimi sikuona. Aliyefungwa ndo analipa, kwa hiyo nilikuwa naingia bandani mchana na mia mbili moja, natoka magharibi mia mbili yangu bado iko mfukoni. Siongezi chumvi, muulize mtu yeyote wa rika langu pale Ujiji, labda akuonee wivu tu.

Sasa 2023 nikauza boda nikafungua banda langu Kibirizi hapohapo Kigoma, karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki. PS4 mbili za mtumba, PS3 moja, TV tatu, mabenchi, kibao kimechorwa vizuri. Na hesabu yangu ya eneo ilikuwa nzuri, hilo sitaki mtu aninyang'anye. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa, vijana, wana hela, hawana pa kwenda. Mbalamwezi ya kwanza banda lilifurika mpaka watu wanachungulia dirishani.

Na mimi nikashika padi ya kuchezea.

Fikiria nilivyokuwa najiona nina akili. Aliyefungwa analipa jero, si ndio? Mimi mwenye banda nikimfunga mteja analipa, nikifungwa (sikuwa nafungwa) silipi mtu. Kwa hiyo nikaona kumbe naweza kukaa hapa namba moja asubuhi mpaka usiku nawachinja mmoja mmoja na hela inaingia. Na mdomo ninao, nilikuwa nachonga sana, mtu akifungwa la tatu namuuliza nikuwekee kiti ukae vizuri. Watu wanacheka, nikajua wanafurahi.

Kuna kijana mmoja wa mtumbwi, mpole, nilimfunga saba bila mbele ya wenzie wote. Aliweka padi chini taratibu, akalipa, akaniambia haya kaka usiku mwema. Hakurudi tena. Na wale wenzie nao hawakurudi. Mimi nikaendelea kuihadithia ile saba bila wiki nzima.

Wakati huohuo mtoto wa mama mdogo wangu akafungua banda lake juu kidogo barabarani, PS3 moja tu yenye PES 2013. Dogo hajui gemu kabisa, yani siku ya kwanza aliniuliza hiki kidude cha mviringo kinafanya nini. Nilicheka, nikamwambia mama mdogo hela ya mwanao inapotea. Ila dogo ana ndoo ya maji ya kunywa, anachaji simu za watu bure, ana daftari ameandika nani saizi ya nani, mkali anampanga na mkali, anayejifunza na anayejifunza mwenzie. Mtu akifunga goli dogo anashangilia, hata hajui limefungwaje. Kwake kulikuwa kunajaa, kwangu nabaki nacheza na kompyuta.

Nikifika hapa huwa nadanganya. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua, miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, na kila anayeniuliza banda liliishia wapi namwambia ni ziwa bwana. Na kweli pale mwaloni hela ilikauka. Ila banda langu lilikuwa limeshakufa tangu Machi. Dogo alishusha bei mpaka mia mbili akavuka miezi yote mitatu, Agosti akaja kununua TV yangu moja. Aliniita braza, alilipa kesho yake, hakunichonga hata neno moja. Hiyo iliniuma kuliko angenichonga.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Tabora, padi usishike. Ukiwashwa kucheza nenda banda la mwingine ukalipe. Mdomo funga. Halafu watoto wenye yunifomu usiruhusu hata akija na elfu kumi, mimi niliwahi kufuatwa na mama kajifunga kanga kiunoni, mwanae yuko ndani na ada, yale maneno sitayaandika hapa na alikuwa na haki nayo. Na vijana wakianza kuwekeana dau mezani zima TV, hela ya dau inaleta ngumi na ngumi zinavunja vioo vyako.

FC au eFootball? FC ni ileile FIFA, walibadilisha jina 2023 baada ya EA, kampuni inayoitengeneza, kuachana na shirikisho la FIFA. eFootball ni PES iliyobadilishwa jina 2021, ya bure, ipo hadi kwenye simu, maana yake mteja wako anayo mfukoni tayari. Haji kwako kufuata gemu, anakuja kumfunga jirani yake mbele ya watu. Weka wanayoizoea hapo mtaani, hata kama ni ya zamani.

Na hiyo PS4 unayosema umeiona kwa bei poa, mwambie muuzaji aiwashe saa nzima ukiwa umekaa hapohapo. Feni ikianza kulia kama jenereta, achana nayo.