Spea zilizobaki gereji: ipi isubiri mteja, ipi ipelekwe mizani

Toyota IST ikishafumuliwa, wiki mbili za kwanza mambo ni mazuri. Taa, saidimira na koili zinaondoka zenyewe. Kinachobaki ndicho kinachosumbua: giaboksi chini ya meza, milango miwili ukutani, alteneta tatu kwenye ndoo, na bampa ambalo kila anayepita analiruka. Wengi huviacha hapo kwa sababu "siku moja mtu ataulizia". Siku hiyo ikifika, mpira umekauka, beringi imeshika kutu, na kilichokuwa spea kimeshakuwa chuma.

Anza na bei ya mizani, yaani ile anayotoa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Uliza kwa wanunuzi wawili asubuhi hiyohiyo, maana bei ya chuma, alumini na shaba haitulii. Tuseme alteneta ina kilo 4 na mizani wanatoa shilingi 800 kwa kilo: una 3,200 bila kumsubiri mtu, na chini ya hapo hushuki. Kama ikiwa nzima itaenda kwa 40,000, kuiweka miezi mitatu kuna maana. Bampa lililopasuka halina hata hiyo 3,200. Mnunuzi wa chuma halitaki, na linakula nafasi ya injini nzima. Hilo lisilale hata wiki.

Usiamue kwa macho, pima. Stata, mota ya kuwashia injini, ibane kwenye vaisi, waya hasi wa betri kwenye bodi yake, chanya kwenye buluti kubwa, kisha gusisha chanya kwenye kipini kidogo kwa sekunde mbili au tatu. Meno yaruke nje na kuzunguka kwa nguvu. Ikigonga "ka" bila kuzunguka, mara nyingi ni brashi au kontakti, na brashi ni pesa ndogo: badilisha, uza. Alteneta ipimwe ikiwa kwenye gari, injini inawaka. Volti 13.5 hadi 14.5 ni nzima. Kama gari halipo, zungusha puli kwa mkono. Inayokwaruza beringi zake zimekwisha.

Giaboksi ya otomatiki ndiyo inayopoteza pesa nyingi kwa uzembe. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usijidanganye. Ikiwa bado nyekundu, fungua sampo, bakuli la oili lililo chini yake, uangalie sumaku zilizomo. Ute wa kijivu, laini kama grisi, ni kawaida. Usugue kati ya vidole viwili. Ukihisi vipande vinavyokwaruza, ndani kumeshaliwa, na ukimuuzia mtu atairudisha pamoja na maneno. Ikiwa safi, rudisha sampo, ziba mashimo ya shafti kwa nailoni na utepe, kisha funga tokonveta, lile duara zito linalounganisha giaboksi na injini, kwa waya isichomoke. Ikitoka na kurudishwa vibaya, bila kuingia mpaka mwisho, pampu huvunjika wakati fundi anakaza giaboksi kwenye injini. Ilaze juu ya tairi kuukuu, siyo kwenye sakafu yenye maji.

Injini nayo ina adui wake: hewa ya pwani. Ikikaa bila plagi, mitungi inashika kutu na ringi zinaganda. Mimina kijiko kidogo cha oili kila mtungi, zungusha mara mbili kwa spana kwenye buluti ya puli, rudisha plagi, ziba njia za hewa na moshi. Ukikuta utando kama maziwa chini ya mfuniko wa oili, mara nyingi maji yameingia. Hiyo iuzwe kwa vipande, na ukweli wake usemwe. Kipimo cha kompresheni kikionyesha mtungi mmoja uko chini ya robo tatu ya ule wenye nguvu zaidi, usiiite injini nzima.

Kila kitu kibandikwe karatasi: gari, msimbo wa chasisi, upande, tarehe ya kufunguliwa. NCP60 ni IST ya injini ya 2NZ, cc 1300. NCP61 ni ya 1NZ, cc 1500. Winga, yaani dalali wa spea, akipiga simu kutoka Ilala huuliza hivyo, na ukianza kubabaika ameshakata. Taa itambulishwe kwa namba iliyo kwenye kioo chake. Waya usikatwe kwenye soketi, acha mkia wa sentimita 15. Kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya gari lenye imobilaiza, mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo wake, iuzwe pamoja na ufunguo huo, la sivyo mnunuzi amenunua boksi tu. Ile tarehe ndiyo inayoamua: miezi sita punguza bei, mwaka ukifika ni mizani.

Kuna vitu visivyouzwa hata mteja akilia. Eabegi za mtumba, mikanda iliyobana kwenye ajali, mipira ya breki, shokapu zinazovuja, rimu iliyopinda. Eabegi za kampuni ya Takata ziliitwa zirudishwe duniani kote kwa sababu baruti yake huharibika kwenye joto na unyevu, na Dar es Salaam vyote viwili vipo mwaka mzima. Eabegi ambayo haijalipuka isitupwe kwenye moto wala kwenye lundo la chuma. Mwambie mnunuzi wa chuma kwamba ipo.

Ukienda mizani, tenganisha kwanza. Mzigo uliochanganywa hulipwa kwa bei ya kilicho rahisi kuliko vyote. Pitisha sumaku: inaponata ni chuma, kaveri ya alumini haitanata, lakini buluti zilizobaki ndani zinaishusha daraja. Zifungue. Mwaga oili zote kwenye dumu, siyo kwenye mtaro. Betri ipelekwe nzima na tindikali yake. Masega, vile visafisha moshi vya kwenye bomba la egzosi, yasiwekwe kwenye chuma kabisa, maana ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu. Hununuliwa kwa kipande, kwa namba iliyogongwa kwenye bati, na yaliyotobolewa hayana kitu.

Beba dumu la lita 20 lililojaa maji. Maji peke yake ni kilo 20, dumu linaongeza kidogo. Mizani ikisoma 17, pakia mzigo wako uondoke.

Mnunuzi awe na kibali cha NEMC, baraza la mazingira la Tanzania. Kenya nao wana Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inayodai leseni. Injini yenye namba isitoke bila hati ya mauziano na nakala ya kadi ya gari ilikotoka, kwa sababu anayeifunga atahitaji kubadilisha kadi yake TRA (mamlaka ya mapato), na polisi wakiuliza namba hiyo wataanza na kadi yenye jina lako.