Kupanda Riat bila kuishiwa njiani

Dada zangu mnaoanza baiskeli hapa Kisumu, kosa langu la kwanza kwenye mlima wa Riat lilikuwa haraka.

Nilitoka Mamboleo nikiwafukuza vijana fulani, gia ikiwa nzito kwa sababu miguu ilikuwa bado haijachoka. Mlima ulipokaza nikabadilisha gia huku nakanyaga kwa nguvu zote. Cheni ikachomoka, pedali ikazunguka bure, goti likagonga usukani, nikaangukia changarawe. Lori la mchanga likapita karibu hadi nikasikia joto lake. Mama muuza ndizi alinijia na maji kwenye kikombe cha bati. "Pole, nyathina," yaani mwanangu. "Keti kwanza." Niliketi nusu saa, mikono ikitetemeka.

Dawa niliipata kwa kutazama La Flèche Wallonne ya wanawake, mashindano ya siku moja ya Ubelgiji yanayofanyika kila mwaka tangu 1998. Humalizikia juu ya Mur de Huy: kilomita 1.3 tu, lakini mwinuko wake wa wastani unakaribia asilimia 10, na kwenye kona kali unapita 20. Mwaka 2022 Annemiek van Vleuten alishambulia mlimani, na wengi wangedhani kazi imekwisha. Marta Cavalli akamng'ang'ania, akasubiri, akampita karibu kabisa na mstari. Niliirudia sehemu hiyo kwenye simu sijui mara ngapi! Anna van der Breggen naye alishinda pale mara 7 mfululizo, 2015 hadi 2021. Huwezi kufanya hivyo kwa bahati.

Basi Riat sasa naipanda hivi. Nabadilisha gia kabla ya mwinuko, pedali zikiwa bado nyepesi. Cheni iliyobeba mzigo haipendi kuhamishwa. Nachagua gia inayoniruhusu kuzungusha miguu, si kuisukuma. Halafu najipima kwa mdomo: nikishindwa kutamka sentensi nzima nusu ya kwanza, napunguza, hata mwenzangu akiniacha. Mara nyingi namkuta juu, amesimama kando akihema. Nguvu nilizobana nazitoa pale ninapoona kilele kwa macho yangu, si kabla.

Kula mapema, ndizi au viazi vitamu saa moja kabla ya kutoka. Toka alfajiri kukishapambazuka, kabla matatu za Kakamega hazijajaa barabarani, na usibanane na ukingo wa lami, maana ukiyumba kidogo uko kwenye changarawe.

Na kushuka, nawaomba sana: jaribu breki ukiwa bado juu. Tumia zote mbili, bana na kuachilia, punguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake. Juzi nilikuta waya wa breki yangu ya nyuma umebaki nyuzi mbili. Nilishuka nikiikokota baiskeli hadi Mamboleo.