Kwa wanaoanza warsha za Uskoti: bonde tupu lina wenyewe

Wadogo zangu, nimesoma ikisiri mlizoandaa kwa ajili ya warsha ijayo, na kwa mara nyingine Nyanda za Juu za Uskoti zimeelezwa kuwa pori lisiloguswa na mkono wa mtu. Kwa kuwa nawapenda, nasema wazi: zirudieni kabla washirika wetu hawajazisoma.

Kwanza, mkikuta bonde tupu, ulizeni ni nani waliohamishwa humo. Kikundi chetu hakikuuliza. Tulipiga picha ya mteremko wa bonde la Strathnaver, huko Sutherland, kaskazini mwa Uskoti, tukaitundika ukumbini kuwa mfano wa mandhari ya asili yanayowapa Waskoti utambulisho wao. Miongoni mwa wenyeji tuliowaalika kama watafiti wenzetu walikuwamo wazao wa familia zilizofukuzwa bondeni humo mwaka 1814 na 1819, ardhi yao ikageuzwa malisho ya kondoo. Patrick Sellar, aliyesimamia ufukuzaji wa 1814, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 akaachiwa huru, na uchungu wa hukumu ile bado unasimuliwa. Mwenyeji mmoja aliisogelea picha yetu, akatuonyesha kwa kidole misingi ya nyumba na matuta ya kilimo ambayo sisi tulidhani ni mikunjo ya ardhi. Hakupaza sauti. Siku ya pili viti vyao vilikuwa vitupu, na sehemu ya ripoti iliyotengewa sauti zao tuliijaza wenyewe, kwa maneno yetu. Mpaka leo naumia nikiisoma, kwa sababu tuliwaita washirika kisha tukawaondoa kwa mara nyingine katika ardhi ya mababu zao.

Pili, tembeeni uwandani na wenyeji kabla ya kuandika ikisiri.

Tatu, tartani, yaani kitambaa cha miraba kinachohusishwa na koo za Uskoti, isiwe mlango wenu wa kuingilia kila mazungumzo. Sheria ya 1746 iliwakataza wanaume mavazi ya Nyanda za Juu hadi ilipofutwa mwaka 1782, na ziara ya Mfalme George IV mjini Edinburgh mwaka 1822, ambayo shamrashamra zake zilipangwa na mwandishi wa riwaya Walter Scott, ndiyo iliyosaidia sana kuyafanya vazi la taifa zima. Nimemsikia mtafiti chipukizi akimuuliza mshiriki wa Glasgow tartani ya ukoo wake kabla hata ya kumuuliza hali, naye akajibu kwa upole kwamba babu yake alitoka Italia. Sote tulicheka, na usaili ukaanza upya vizuri zaidi.

Nne, sikilizeni kwanza rekodi za Idara ya Taaluma za Uskoti ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, iliyoanzishwa mwaka 1951, msije mkawachosha wazee kwa maswali yaliyokwisha kujibiwa.

Tano, mkiwaalika watu wa kisiwa cha Eigg, ambao mwaka 1997 walifanikisha ununuzi wa kisiwa chao kutoka kwa mmiliki binafsi, watengeeni muda wa kutunga swali la utafiti pamoja nanyi. Ikisiri mpya zinifikie kabla ratiba haijachapishwa, zikitaja mlitembea wapi na kwa mwongozo wa nani.