Mtoto mchanga akikoroma kila avutapo pumzi, usikimbilie mkata kimeo

Hapa Tanga, mtoto mchanga akianza kukoroma kila anapovuta pumzi, watu watakwambia ni kimeo. Nilipokuwa Makorora, mawifi na majirani waliniambia hivyo hivyo, kila mmoja ana mkata kimeo wake anayemwamini. Nakusihi mama mwenzangu, usimpeleke. Kama mlio unatoka chini ya kimeo, kukikata hakugusi kinachombana mtoto. Utamwachia kidonda na damu kooni.

Binti yangu alikuwa na hemanjioma, uvimbe wa mishipa midogo ya damu, chini kidogo ya nyuzi za sauti. Si kansa. Lakini hukua kwa kasi miezi ya mwanzo, na njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba mno. Mlio huanza akiwa na wiki chache, ukazidi akilia au akinyonya. Kikohozi nacho huwa kikavu, cha kubweka.

Kinachowapoteza wengi ni steroidi, dawa za kupunguza uvimbe. Kituo cha afya cha kwanza kilimpa hizo wakimtibu kama mwenye maambukizi ya koo, akapata nafuu, dawa ilipoisha mlio ukarudi. Steroidi hupunguza uvimbe huu kwa muda, kwa hiyo nafuu ile haithibitishi kwamba yalikuwa maambukizi. Mlio ukirudi, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo amwangalie ndani kwa kamera. Mrekodi kwa simu anapokoroma, maana mbele ya daktari anaweza kutulia. Na kama ana baka jekundu kidevuni, mdomo wa chini au shingoni, pale ndevu zinapoota kwa mtu mzima, lionyeshe hata usipoulizwa. Wetu alikuwa nalo, tukadhani ni alama ya kuzaliwa tu. Wengine hawana baka lolote. Akibonyea mbavu au midomo ikibadilika rangi, usisubiri rufaa, kimbia hospitali usiku huo huo.

Tulipewa rufaa ya Dar es Salaam, na dawa aliyoandikiwa ilimshtua mama mkwe: propranololi. Dawa ya presha kwa kichanga! Daktari alituelezea vizuri. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliandika kwamba mtoto waliyempa dawa hiyo kwa tatizo la moyo, hemanjioma yake ilibadilika rangi na kulainika kesho yake. Kabla ya hapo wengi waliishia kwenye steroidi za muda mrefu, leza, au kutobolewa shingo ili wapumue.

Dozi za kwanza alipewa wodini, wakimpima mapigo ya moyo, presha na sukari. Ndani ya siku chache mlio ulipungua. Nililia, sioni haya kusema.

Nyumbani kazi kubwa ni maziwa. Propranololi inaweza kushusha sukari ya mtoto mwenye njaa, kwa hiyo anyonye kwanza ndipo apewe. Hata saa kumi alfajiri. Akikataa kunyonya, akitapika au akiharisha, ruka dozi na umpigie daktari. Akiitapika, usirudie. Akitoka jasho jembamba, akitetemeka, akilegea au akiwa mgumu kuamka, mnyonyeshe kama anaweza kumeza, kisha hospitali mara moja. Kifua kikianza kupiga filimbi, dawa isimame, na aonwe siku hiyo hiyo, kwani inaweza kubana mirija ya mapafu.

Usivunje vidonge vya bibi mwenye presha. Dozi hupigwa hesabu kwa uzito, kwa kawaida miligramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku, zikigawanywa, na mtoto anapoongezeka uzito hesabu hupigwa upya. Wala usiache kwa kuwa amenyamaza. Uvimbe unaweza kurudi. Wa kwangu alimeza hadi alipovuka mwaka, akaachishwa kwa maelekezo ya daktari.

Kabla hujatoka kwa daktari, shika chupa yako ya dawa mkononi umuulize: ni mililita ngapi za hii? Chupa hazina nguvu sawa. Kisha uliza umpigie nani usiku mtoto akigoma kunyonya.