Mwanangu, laki sita zisiishie kwenye bei

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykumu salaam. Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Isha, na asubuhi nikaurudia. Waniuliza: mjukuu wangu ametimiza miaka 18, leseni amepata, karibu aanza chuo pale Tudor, Mombasa, na nyinyi mmeweka shilingi 600,000 za kumnunulia gari. Mmeona Vitz, lile gari dogo la Toyota, huko Nyali, bei yake laki sita kamili, rangi yang'aa. Je, mwinunue?

Msinunue. Vitz si gari baya. Miaka 20 nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la spea, na wenye Vitz sikuwaambia hata siku moja wasubiri kitu kiagizwe Dubai. Linalonitia wasiwasi ni kwamba mkishalipa, mtabaki mikono mitupu.

Unalikumbuka gari la marehemu babako? Wewe ulikuwa darasa la sita. Alitoa kila alichokuwa nacho, mpaka pesa yangu ya chama. Wiki ya tatu giaboksi ikaanza kugonga. Gari likakaa chini ya mwembe miezi tisa, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, na yeye akipanda matatu kwenda kazini. Halikuwa bovu kuliko magari mengine ya umri wake, ila hakubakisha hata ya fundi. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na gari nalo nimeliona hivyo hivyo.

Basi tafuteni la laki nne, ikizidi sana nne na nusu. Laki moja iwekeni kando, msiiguse, ni ya miezi mitatu ya mwanzo. Mtu hauzi gari siku aliyotoka kulitia matairi mapya. Matairi manne ya gari dogo ni elfu ishirini na ushee, na bado hujafika kwenye betri, breki na shokamzoba. Kinachobaki ni cha bima na kuhamisha umiliki.

Kwenye bima nisikilize vizuri. Ile ya thadi pati ndiyo sheria inayoidai, lakini humlipa uliyemgonga, gari lako halimo. Mkitaka kubwa zaidi, ulizeni kwanza kama kampuni itakubali gari la umri huo, kisha msome mahali panapotaja dereva mchanga. Mara nyingi kijana mwenye leseni mpya akipata ajali, mwenye gari huongezwa kiasi cha kutoa mfukoni kabla kampuni haijalipa. Mjue kiasi hicho leo, msikisikie siku ya ajali.

Mafuta nayo tupige hesabu. Kutoka kwenu Bamburi mpaka chuoni Tudor na kurudi, tuseme kilomita 20. Siku 22 za chuo ni kilomita 440. Kwa foleni ya Daraja la Nyali usitarajie zaidi ya kilomita 12 kwa lita, basi ni lita 37 hivi. Ukikadiria shilingi 180 kwa lita, ni 6,600 kwa mwezi, na hapo hajampeleka rafiki yeyote Mtwapa. EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta, hutangaza bei kila tarehe 14, kwa hiyo hesabu hii muirudie kila mwezi. Naona kijana apewe pesa hiyo mkononi tarehe mosi, na ikiisha apande matatu. Usimwongeze, hata akinipigia simu mimi.

Dalali asiwakimbize. Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuteni rekodi ya gari NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mwone limeandikwa jina la nani na kama kuna benki inayolidai. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho, nanyi mnakubali na kulipa ada. Akisema hayo mtamaliza baadaye, ondokeni.

Kisha kuna kutu. Gari lililoishi pwani hii huliwa na chumvi kwa chini, na rangi mpya haisemi kitu. Fungua buti, inua zulia, toa tairi la spea, ubonyeze bati kwa kidole gumba. Likiwa gumu na kavu, sawa. Likitoa sauti ya kukatika kama chapati iliyokauka, au ukikuta lami mbichi imepakwa juu, hapo pana tundu limefichwa.

Na kabla ya yote, weka kiganja juu ya boneti. Injini iliyolala usiku kucha ndiyo husema kweli: moshi wake, mlio wake, inavyokamata. Ikiwa ya moto ulipofika, kuna mtu aliyeamka mapema kuituliza kwa ajili yako.

Mkishapata la laki nne, Jumamosi nitakuja na fundi aliyekuwa jirani wa duka letu, saa moja asubuhi tuwe tushafika. Mpigie muuzaji umwambie gari asiliwashe mpaka tufike. Mjukuu wangu naye aje, avae nguo za kulalia chini.

Mamako